Kanuni ya Hendeli

Kanuni yetu ilikuwa moja tu, na niliitunga mimi, kwa hiyo usitafute mtu mwingine wa kumlaumu. Gari lisilowaka kwa hendeli haliingii kwenye mstari. Hatukuuliza limetengenezwa mwaka gani wala nani aliliendesha kwanza. Mwenye gari anachukua kile chuma kilichopinda, anakichomeka kwenye tundu chini ya bampa, anazungusha mbele ya watu. Injini ikiitika, amepita. Isipoitika, ajaribu tena mwakani.

Siku yenyewe watu waliiita Siku ya Hendeli. Ilikuwa Jumapili ya mwisho ya Julai, karibu na sikukuu ya Mtakatifu Kristofa, msimamizi wa wasafiri. Mpunga unakuwa umeshaingia ndani, na vumbi la Ifakara limeanza kuwa vumbi kweli kweli. Tulipanga magari yetu uwanjani kando ya kanisa, Padre akayapitia na maji ya baraka, kila mmoja akawasha lake, kisha tukaenda kwa mstari hadi kivukoni na kurudi. Mwaka 1984 tulipoanza yalikuwa magari saba. Kulikuwa na Austin ya mzee mmoja wa Idete iliyofungwa mlango kwa kamba, Pijo za kubebea samaki, malori mawili ya Bedford, na Landrova yangu niliyoinunua misheni walipoichoka. Watoto walikimbia nyuma yetu hadi mtoni, kina mama wakapiga vigelegele, na mimi Mwenyekiti nikiwa mbele nimevaa tai.

Mwaka huo wa kwanza tulimkataa Anselim, fundi cherehani, aliyekuja na Folkswageni yake ya mwaka sitini na tatu. Ilikuwa kuukuu kuliko magari yetu mengine, lakini haikuwa na tundu la hendeli. Remigius, mwenye mojawapo ya Bedford, alimtetea. Alisema, "Poli, huyu gari lake ni bibi ya haya yetu." Nikamwambia kanuni ni kanuni. Anselim akageuza Folkswageni yake akaenda zake, na tangu hapo suruali zangu nikawa nashonesha kwa mtu mwingine.

Sasa nieleze jambo moja ambalo asiyejua magari ya zamani hawezi kulielewa. Kuwasha gari kwa hendeli ni kazi ya watu wawili. Mmoja anazungusha mbele, mwingine amekaa kwenye usukani, mguu kwenye mafuta, sikio kwenye injini. Ikikohoa, anakanyaga kidogo. Akichelewa inazima, akizidisha inakunywa petroli na kununa. Yapo magari ambayo mtu mmoja anaweza kuyawasha peke yake, nakubali. Landrova yangu si mojawapo. Inataka mtu anayeijua.

Aurelia, mke wangu, ndiye aliyekuwa anaijua. Hakuwa na leseni, hakupata kuendesha hata hatua kumi, lakini mguu wake ulikuwa unasikia injini kabla ya sikio langu. Alifariki mwaka 1991. Mwaka huo nilidhani Landrova nayo imekwisha. Ikafika Julai, Remigius akaja nyumbani bila kuitwa, akafungua mlango, akakaa mahali pa Aurelia, akasema, "Zungusha." Basi, tangu hapo ikawa hivyo. Yeye ananikanyagia mafuta, kisha nakwenda namkanyagia ya Bedford yake.

Remigius ni Mpogoro wa Mahenge, alihamia Ifakara na lori lake kabla ya mimi kuoa. Alibeba mpunga wa Idete na mahindi ya Mkula kwa miaka thelathini. Ni mtu mpole, wa kucheka kabla hujamaliza kusema, na mimi watu wote wanajua ni mtu wa namna gani. Kila jioni alipita kwangu kwa baiskeli, tukakaa barazani tukazungumzia plagi na mabarabara. Binti yangu Ritha ameolewa Songea na huandika barua Krismasi. Kwa hiyo ukiniuliza mwaka 1996 nilikuwa na nani duniani, jibu ni Remigius. Sikuwahi kumwambia hivyo. Watu wa umri wetu hatuambiani.

Wenzetu walishapungua. Mmoja alikufa, mwingine akauza vyuma chakavu, Pijo ikafia Kidatu ikaachwa hukohuko. Mwaka 1995 kwenye mstari tulikuwa wawili, Landrova na Bedford. Na mwaka huohuo wana wa Remigius, walioko Morogoro mjini, walianza kumwandikia kwamba mzee asikae peke yake, ahamie kwao. Kila barua ilipokuja aliisoma barazani kwangu kwa sauti, akaikunja, akasema, "Nitakwenda kufanya nini Morogoro?" Mimi nilijifanya sihusiki. Moyoni nilikuwa nahesabu barua.

Kuanzia Pasaka ya 1996 alipunguza kuja. Alisema bega linamsumbua. Nikadhani ni visingizio. Mtu akishaanza kuogopa kuachwa, kila kitu anakiona kisingizio.

Jumapili ile nilifika uwanjani mapema. Niliipanga Landrova mahali pake, nikaifuta vioo, nikafunga tai. Watu walikuwa wengi kama kawaida, maana misa ilikuwa imetoka tu, na baada ya misa mahali pengine pa kwenda hapakuwepo. Nikasubiri mngurumo wa Bedford. Bedford ile ungeisikia kutoka sokoni.

Sikusikia kitu. Ila watu walipisha njia, na katikati yao ikaja Toyota pikapu nyeupe, kimya, nailoni bado iko kwenye viti. Kwenye usukani alikuwa Remigius, amevaa shati lake la Krismasi. Akasimama mbele yangu, akashusha kioo.

"Mwenyekiti," akasema, "nafasi yangu iko wapi?"

Nilimjua mwenye gari lile kabla hajaniambia. Namba za usajili zilikuwa mpya. Ni wanawe wa Morogoro waliolinunua. Nilichoona mimi hakikuwa gari. Niliona chambo. Nilisema moyoni, wameandika barua zimeshindwa, sasa wameleta kitu cha kumbebea.

"Bedford iko wapi?" nikamuuliza.

"Nyumbani. Bega limekataa, Poli. Siwezi kuinua hata ndoo, sembuse hendeli."

"Nitakuzungushia mimi."

"Wewe una miaka sitini na miwili. Utazungusha yako na yangu, halafu tuache baraka twende tukakuzike." Watu wakacheka. Yeye mwenyewe alicheka. Mimi sikucheka.

"Hili lina tundu la hendeli?"

"Si unaona halina."

"Basi jibu unalijua."

Padre Fidel alikuwa kijana, ana mwaka mmoja tu hapa kwetu. Akasogea na ndoo yake ya maji ya baraka, akasema kwa adabu, "Mzee Polikarpo, haya maji hayaulizi umri wa gari. Tumruhusu mzee mwenzako."

"Padre, shikamana na maji yako," nikamwambia. "Uwanja ni wa kanisa, baraka ni za Mungu, ubariki hata baiskeli. Lakini mstari ni wetu. Leo tukiliingiza hili, mwakani yatakuja mapikapu yote ya kutoka Kidatu, meupe, yamefanana, na watu watakuja kutazama nini? Gari la dukani? Gari hili limevuka mto gani? Limelala njiani wapi? Halina hata mkwaruzo."

Nilikuwa nasema kwa sauti ya kikao. Bado naamini mengi ya niliyosema. Gari kuukuu lina heshima yake, na ukilisimamisha pembeni ya jipya watu wanaangalia jipya, ndivyo walivyo. Hata dakika ile, migongo ya watu ilikuwa upande wa Landrova yangu na nyuso zao upande wa Toyota.

Remigius alizima injini akashuka. Akaja karibu ili watu wasisikie.

"Na hili litazeeka, Poli. Haya yetu nayo si yalikuwa mapya?"

"Kanuni ni kanuni."

"Unalinda mstari. Haya, uhesabu huo mstari."

Sikuwa na haja ya kugeuka. Lilikuwa gari moja, la kwangu.

Hapo ndipo ningesema ukweli. Ningesema, Remi, naogopa hilo gari limekuja kukuchukua. Ni maneno machache, hata pumzi moja inayatosha. Badala yake nikasema, "Ukitaka kuja kwa miguu, karibu. Hilo lirudishe nje ya uwanja."

Alirudi garini. Kisha akapanda, akalirudisha gari kinyumenyume hadi barabarani, polepole, kwa sababu watoto walikuwa wamelizunguka. Nilidhani ameondoka. Nikachukua hendeli nikaichomeka, nikainama, na hapo nikakumbuka kwamba kwenye usukani hakuna mtu. Nimesimama mbele ya watu mia mbili, nimeinama na chuma mkononi, na Mwenyekiti hana wa kumkanyagia mafuta. Katekista mmoja akajitolea. Nikamuuliza kama anajua. Akasema anajua kuendesha baiskeli.

Kabla sijamjibu nilisikia mlango wa Landrova ukifunguka. Mlango ule una mlio wake. Remigius alikuwa amerudi kwa miguu, amekaa kwenye kiti, mkono mmoja kwenye usukani, ule wa bega bovu ameuweka mapajani.

"Zungusha," akasema.

Nikazungusha. Mara ya kwanza ikakohoa, mara ya pili ikawaka, na mguu wake ukaipokea kama kawaida, bila kuzidisha, bila kupunguza. Vigelegele vikapigwa. Padre akanyunyiza maji. Remigius alisubiri hadi injini ikatulia, akashuka, akanipisha niingie.

"Haya, Mwenyekiti," akasema. "Kaa salama."

Nilidhani anaaga ya siku ile.

Nilikwenda kivukoni peke yangu, mstari wa gari moja. Watoto walikimbia nyuma hadi kwenye kona ya soko, wakachoka, wakarudi kwenye Toyota. Njia nzima nilikuwa natazama kwenye kioo cha pembeni. Nilitaka lile gari jeupe linifuate, ili nipate la kuligombeza, na ningeliacha linifuate hadi mtoni na kurudi. Kwenye kioo kulikuwa na vumbi langu mwenyewe. Mtoni wahudumu wa kivuko waliniuliza, "Mzee, mwaka huu wenzako wako wapi?" Nikawaambia wanakuja. Nikageuza.

Siku zikapita. Jioni nilikaa barazani upande ninakouona mtaa. Niliazimia akija sitamwambia kitu, nitamsogezea kiti tu, hiyo iwe samahani yangu. Ikapita wiki. Nikawa napika wali wa watu wawili, si kwa kusudi, mkono ndio umezoea, na asubuhi nakula kiporo. Wiki ya pili nikaona hata majirani wanapunguza kunisalimia, au labda ni mimi nilikuwa siitikii. Jumamosi nikachukua baiskeli nikaenda kwake. Njiani nilitayarisha maneno. Nilipanga kuanza kwa kuuliza habari za bega.

Nilimkuta Eveline, mjukuu wake anayekaa mtaa wa jirani, anafagia uwanja. Bedford ilikuwa palepale pembeni ya nyumba, imefunikwa turubai na kamba zimefungwa vizuri, kama mzigo unaosubiri safari.

"Shikamoo babu."

"Marahaba. Babu yako yuko ndani?"

Aliacha kufagia. "Babu ameenda Morogoro tangu Alhamisi ile nyingine. Hakukuaga?"

Nikasema aliniaga. Nikauliza kama ni matembezi.

"Amehamia, babu. Baba wadogo walikuja kumchukua."

"Nilijua," nikamwambia. "Nilipoliona lile gari nilijua wamelileta kumchukulia."

Eveline ni binti mwenye heshima, na nilimwona anatafuta namna ya kunikatalia bila kunivunjia adabu. "Hapana, babu. Gari babu aliliomba mwenyewe. Baba walisema hawezi kubaki huku peke yake na bega lile, na Bedford hawezi kuiwasha. Yeye akasema, nipeni gari la kuwasha kwa ufunguo nami nitabaki. Akawaambia hapa ana mwenzake, na wana siku yao ya magari, hawezi kumwacha mwenzake na mstari wa gari moja. Wakabishana miezi mitatu. Mwisho wakakubali, wakamletea Ijumaa, na Jumapili ndiyo akaja nalo kanisani."

Nilishika usukani wa baiskeli. Nilitaka aendelee kufagia.

"Aliporudi alikaa pale," akaonyesha ngazi ya nyumba, "akasema basi, waambieni baba zenu waje. Hakusema kingine. Babu, ukae nikuletee maji?"

Sikukaa. Niliondoka nikisukuma baiskeli. Niliona aibu ambayo sijawahi kuiona tangu nizaliwe, na haikuwa aibu ya mbele za watu. Kwa miezi mitatu mtu yule alikuwa anagombana na damu yake ili abaki na mimi, na gari nililoliita chambo ndilo lililokuwa ushindi wake. Alinijia nalo akiwa amevaa shati la Krismasi. Nikamwambia alitoe nje ya uwanja.

Ungedhani siku ileile nilimwandikia. Sikumwandikia. Nilianza barua tatu, zote zikaanza na habari za mvua. Krismasi ikapita, masika yakaja barabara ya Kidatu ikakatika, nikapata kisingizio kingine. Mtu wa hasira akikosa wa kumkasirikia hukaa tu. Mimi nilikaa tu miezi kumi.

Juni ya 1997 Padre Fidel alikuja kuniuliza kama Siku ya Hendeli itakuwepo. Nikamwambia itakuwepo, na kwamba kanuni imefutwa, gari lolote lenye magurudumu lije. Akafurahi, akaenda kutangaza. Mimi nikaanzia kwa Anselim, fundi cherehani, ambaye hatukuwa tumeongea miaka kumi na mitatu. Nilimwambia Folkswageni yake inakaribishwa. Anselim alivua miwani, akanionyesha uani. Folkswageni ilikuwa imetolewa milango, na kuku wanaingia na kutoka.

"Umechelewa kidogo, Mwenyekiti," akasema. Lakini alinipa kiti, na nilikaa.

Kesho yake nikaenda ofisi ya simu na karatasi ya namba aliyoniandikia Eveline. Kulikuwa na foleni. Nilipoingia kwenye kibanda na kusikia sauti yake nilisahau salamu.

"Remi, kanuni nimeifuta."

Kulikuwa na mlio wa nyaya. Kisha akacheka, kile kicheko chake cha kuanza mapema. "Poli! Wewe mwenyewe umeifuta? Kwa mkono wako?"

"Njoo na Toyota. Jumapili ya mwisho ya Julai. Nitakuwekea nafasi ya mbele, mimi nitakaa nyuma yako."



"Lile gari vijana walishaliuza, Poli. Lilikuwa linakaa tu. Na macho nayo yamepungua, siendeshi tena. Wananipeleka kanisani kwa mkono."

Niliweka paji la uso kwenye ubao wa kibanda. Nyuma yangu mtu alikuwa anagonga kioo kwa sarafu.

"Nilikukosea," nikamwambia. "Nilidhani limekuja kukuchukua. Eveline aliniambia lilikuwa la kukubakiza."

"Ulinikosea," akasema, bila ukali. "Lakini na mimi ningekuambia palepale. Nilitaka kwanza uniingize kwenye mstari, ndiyo nikuambie. Nilitaka iwe habari njema."

 Nilimsikia anapumua, na nyuma yake sauti za mji, magari mengi, hata moja silijui kwa mlio. Nikamuuliza kama ameshazoea Morogoro.

"Bado," akasema. "Na wewe huko?"

Nimezaliwa Ifakara, nimeoa hapa, nimezika hapa. Nikamwambia na mimi bado.